Pikipiki ya Muguu Moja

Yaya yangu, ndugu yangu mukubwa, alikatwa muguu ya kushoto ku fonderi, fasi ya kuyeyusha shaba, chini kidogo ya goti, mu ile miaka serikali ilikuwa imekamata migodi yote na sisi bote tulikuwa tunaitana sitwayen, ndiyo mwananchi, hata na muntu unamudharau. Wagoni ilirudi nyuma, yeye alikuwa amegeuza mugongo, anacheka na mwenzake. Ule mwenzake alinieleza kisha kwamba yaya alimaliza kucheka kwanza, njo akaanguka. Muguu yenyewe ilibaki ku hopitali. Mama yetu alilia sana juu hatukupewa tuizike.

Lakini muguu ilikwisha. Shida ilikuwa nyumba. Mu kambi ya kampani nyumba inafuata kazi. Leo uko na kazi, uko na vyumba mbili, na bomba ya maji mu lupango, ule uwanja ya nyumba, na unga ya batoto kila mwezi. Kesho kazi imeisha, unapewa muda kidogo ya kufunga vyombo, mwengine anaingia na kitanda yake. Yaya alikuwa na muke na batoto batano. Shemeji yangu, ule muke yake, alikuwa amezaliwa mu ile kambi, hakujua kulala fasi ingine.

Shefu wa personeli, mukubwa wa mambo ya wafanyakazi, alituita bote wawili. Alikuwa muntu mwembamba, na abakosti yake, ile koti ya serikali, ilikuwa kubwa kumupita, mikono inapotea ndani. Hakuwa muntu mubaya. Alisema:

"Sitwayen, muntu ya muguu moja haina kazi hapa, ila moja tu. Natafuta planto ya kupeleka barua na makaratasi ya pompi, kule Ruashi na ku njia ya Kinsevere. Baiskeli hauwezi. Kama unapata namna ya kutembea, kazi ni yako, nyumba ni yako. Kama hapana, mvua ikiisha unaniletea ufunguo."

"Shefu, mvua inaisha lini?" yaya akauliza.

"Uliza mbingu, sitwayen. Mimi niko personeli."

Tukacheka, bote watatu. Yaya alikuwa muntu ya namna ile, hata pale alitafuta fasi ya kucheka.

Sasa niseme juu yangu. Mimi nilisoma mpaka mwaka ya tatu ya primeri, kisha mapadri bakanifukuza juu nilivunja saa ya ukutani nikitafuta kinachoipiga. Lakini ku atelye, karakana ya kampani, nilikuwa ajustere, fundi ya kufunga na kulinganisha vyuma, na banafunzi balikuwa bananiita mwalimu. Kila kitu ku atelye ilikuwa ya kipimo ya mètre. Kle, ndiyo spana, ya kumi, kle ya kumi na tatu, kle ya kumi na saba, nilizijua na vidole, bila kuangalia. Ukinipa bulo moja mu giza, ile chuma ya kufunga na kle, nilikuambia namba yake. Nilikuwa najivuna sana. Bado najivuna, tuseme kweli.

Pikipiki mupya hatukuweza hata kuota. Na tena zile za Bajaponi zilizoanza kuonekana mu mji, vitesi, ndiyo gia, ziko ku muguu ya kushoto. Bila ile muguu, unafanya nini? Njo nikakumbuka muzee mumoja Muislamu, fundi ya bati, rafiki ya marehemu baba yetu. Bazazi yake balitoka Maniema, na babu yake, alisema yeye, alitoka pwani kabisa. Alikuwa anatengeneza ndoo na vibatari. Alipokuwa kijana alifanya biashara ya samaki ya Kilwa, ile ya kwetu ku ziwa, haiko ile ya pwani, na nguo ya ng'ambo ya mpaka, na kule ng'ambo Mwingereza mumoja aliyekuwa anarudi kwao alimwachia pikipiki. Ilikuwa nyuma ya nyumba yake, chini ya bati, miaka na miaka.

Nikaenda.

"Salaam, Muzee."

"Karibu, mwanangu. Unatafuta ndoo ao unatafuta maneno?"

"Natafuta ile pikipiki."

Alicheka mpaka akakohoa. "Ile ni nyumba ya kuku. Uliza kuku kwanza."

Na kweli, kuku moja alikuwa amelalia mayai kati ya moteri na fremu. Kutu ilikuwa imekula tangi, kiti haikuwa tena, matairi yamekuwa unga. Lakini moteri ilikuwa nzima, silinda moja kubwa, nzito, imesimama wima sawa kinu. Nikaizunguka. Muzee alikuwa ananiangalia. Akauliza muguu gani yaya alipoteza. Nikasema ya kushoto. Akaingia ndani, akarudi na kipande ya kanga ya muke yake.

"Leta muguu ya kushoto."

Akaifunga nyuma, kisigino ku matako, akanipandisha juu ya ile chuma na kuku wakapiga kelele. "Washa," akasema. Muguu ya kuume ikatafuta pedali ya kuwashia: iko kuume. "Tia vitesi." Vitesi: iko kuume. Ku kushoto kulikuwa freni tu, breki ya nyuma.

"Waingereza waliweka kila kitu upande mwingine," muzee akasema. "Watu wote waliwacheka. Kumbe walikuwa wanamungoja ndugu yako."

Ile siku nililia. Nililia juu ya pikipiki, na muguu imefungwa na kanga, na muzee anashika fremu nisianguke. Akanipa yote, akakataa kitu yoyote. Ni sadaka, akasema, tena kuku wamechoka kukaa ndani ya chuma.

Tulijenga mu ile mvua. Kila nikitoka kazi nilipita kwake, na yaya alikuja na mikongojo yake, anakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, anatuudhi na maneno yake. "Ninyi munatengeneza pikipiki ao munatengeneza jeneza?" Muzee alikata kutu ya tangi, akaziba matundu na vipande vya shaba, ikawa na madoa mekundu sawa ngozi ya muntu aliyeungua. Freni ya nyuma nilitoa ku muguu, nikaipandisha mu mukono na waya. Kiti tulifanya na mupira ya ukanda wa kubebea mawe, uliokuwa umekatika na kutupwa. Kila siku shemeji alituletea bukari, ugali yetu, na sombe, majani ya muhogo, mu sahani imefunikwa, na anauliza tu swali moja: "Imetembea?" Haulizi ingine.

Kisha gurudumu ya tatu. Muntu ya muguu moja akisimamisha pikipiki, atakanyaga nini ku kushoto? Njo nikasema tutie gurudumu ku kushoto, ikae fasi ya muguu. Nilichukua gurudumu ya skuta iliyokufa, na mabomba ya maji, nikapinda, nikachomelea. Bajirani balicheka: hapa kwetu tunatembea ku kuume ya njia, kwa hiyo ile gurudumu itakuwa katikati ya barabara, upande ya malori. "Unamupeleka ndugu yako akasalimie makamyo?" Nikajibu muguu yake ilikatwa ku kushoto, mimi sikuchagua.

Kuifunga ile mikono ya gurudumu ku fremu kulihitaji bulo nne kubwa. Fremu ilikuwa na matundu yake ya Waingereza, ilitobolewa zamani kwa kazi ile ile, na meno ndani ya kushika bulo. Nikaleta bulo zangu za atelye. Ya kwanza ikaingia duru mbili, laini kabisa. Duru ya tatu ikakataa. Nikajaribu ingine, ni vile vile. Muzee akaacha kupiga bati.

"Meno yao si meno yetu," akasema. "Waingereza wana kipimo yao. Niko na binamu ng'ambo, Ndola. Nitamwandikia, atatuma nne za kwao."

"Itakawia, Muzee. Mimi niko ajustere. Kle ndefu itaziingiza."

"Zitaingia. Lakini chuma ukiilazimisha, inakubali kwa mdomo tu. Ngoja, mwanangu."

Nilikubali kungoja. Nataka mujue hivyo, nilikubali. Barua ilienda. Tulikuwa na mwezi mbili mbele yetu, mpaka mvua iishe.

Njo shefu wa personeli akaniita. Bakubwa ya chama banakuja kuona kambi. Kutakuwa ngoma, baanimateri, ile kundi ya kuchezea chama, batacheza, batoto bataimba. Na yeye shefu alikuwa amesikia juu ya pikipiki, na alikuwa amepata wazo.

"Ndugu yako atapita mbele ya wachezaji. Mutumishi aliyekatwa muguu na bado anatumika kazi! Bakubwa batafurahi. Nitatia saini pale pale, kazi na nyumba."

"Ni lini, shefu?"

"Siku ya Posho ya wiki hii."

Ilikuwa Jumatatu. Siku ya Posho ni Jumamosi. Nikasema bado gurudumu. Akaniangalia na ile mikono yake iliyopotea ndani ya abakosti, akasema polepole, sawa muntu anaomba: "Sitwayen, nikisha kusema ku bakubwa kwamba atakuwako, na hakuwako, mimi mwenyewe sitakuwa tena hapa wa kumuachia nyumba."

Alhamisi muzee alikuwa ameenda ku mazishi. Yaya alikuwa kwake. Nilikuwa peke yangu mu lupango na kuku. Nilichukua kle ndefu, nikatia bomba ku mukia yake kuongeza nguvu, nikaegemea. Bulo ililia. Muntu ya kazi anajua ile sauti, ni sauti ya meno yanakatwa. Kisha ikaacha kulia, ikaingia mpaka mwisho, ikakaza. Nilipiga na nyundo: imara. Nikafanya ya pili, ya tatu, ya nne. Nikatikisa gurudumu na nguvu yangu yote, haikutikisika. Nikajiambia, unaona? Nikajiambia muzee ni fundi ya ndoo, anajua nini juu ya bulo.

Siku ya Posho yaya alipita mbele ya kambi nzima. Moteri ilikuwa inapiga polepole, sawa mama anatwanga sombe, na moshi kidogo ya bluu. Alikuwa amefunga suruali ya kushoto na pini. Bantu ya fonderi balipiga makelele: "Ee yaya, uliotesha gurudumu!" "Angalia, ameacha muguu, amepata tatu!" Naye anajibu, "Leteni za kwenu niwakatie!" Shefu alitia saini. Shemeji alipiga magoti mu matope, mbele ya bantu bote, akanishika miguu yangu mimi, haikuwa ya shefu. Nilisikia haya, lakini tamu pia. Nisiwadanganye, ilikuwa tamu.

Yaya akaanza kazi. Kila asubuhi mfuko ya barua ku mugongo, anapita Ruashi, anaendelea ku njia ya Kinsevere, anarudi saa nane. Hakukosa hata siku moja. Batoto balikula. Akanenepa. Jioni anakaa mu mulango na munkoyo yake, kinywaji ya mahindi, anaambia bajirani: "Ile gurudumu, ni mudogo yangu aliifunga. Mikono yake ni ya Mungu." Na mimi niko pale nasikia.

Mwezi tatu ikapita, njo muzee akanitumia neno nipite. Akanipa kitambaa imefungwa. Ndani kulikuwa bulo nne, nyeusi, zimepakwa mafuta.

"Binamu alikawia, lakini alituma," akasema. "Ulimufungia na nini?"

"Na za atelye. Ziko nguvu, Muzee."

Hakunigombeza. Alichukua moja, akaizungusha mu vidole. "Zitoe kesho," akasema. "Si kesho kutwa."

Nilizipeleka kwangu, nikatia mu kopo ya maziwa, nikaweka juu ya kabati. Sasa mutaniuliza, na ni haki muniulize: kwa nini haukuzitia? Ni kazi ya saa moja. Nimejiuliza zaidi yenu. Pikipiki ilikuwa inatembea kila siku, ni kweli. Lakini ile haiko sababu. Sababu ni kwamba ili nizitoe ningemwambia yaya nazitoa kwa nini. Ningemwambia kwamba miezi mitatu alikuwa amekaa juu ya uongo yangu. Na yeye bado anaambia bajirani mikono yangu ni ya Mungu. Nikatafuta siku ambayo hatakuwako, nizibadilishe bila neno. Siku ya Posho moja nikajua hana barua, pikipiki itabaki ku nyumba, na yeye atashinda kwa bajirani. Nikasema, ile siku.

Siku ya Posho ni siku ya salongo, kila muntu na panga yake ku barabara, kukata majani ya serikali. Nikasema nitamaliza salongo, kisha nitapita kwake. Kumbe asubuhi ile ile kulikuwa pompi imeharibika, na shefu akamutuma na karatasi. Nilikuwa nakata majani ku kona ya kambi, nikamuona anapita. Alipiga honi. Aliinua mukono yake ya freni kunisalimia, na nikasema mu roho, shika freni, mujinga weye. Sikumusimamisha. Alikuwa mbali kidogo. Haikuwa mbali sana.

Ku njia ya Kinsevere bulo ya mbele ilitoka kwanza, kisha ya nyuma. Gurudumu ikajikunja chini, pikipiki ikalalia kushoto, ikamutupa katikati ya njia. Kamyo ya samaki ilikuwa inatoka Kilwa. Shofere alikwepa kichwa yake, Mungu amubariki, lakini hakuweza kukwepa muguu. Muguu ya kuume. Balimukata juu ya goti.

Jendarme, askari ya serikali, aliandika kwamba barabara ni mubaya, na barabara ilikuwa mubaya. Hakuna muntu aliuliza fundi. Nilienda peke yangu kuona pikipiki ku posti yao. Matundu ya fremu yalikuwa laini ndani sawa kinywa ya muzee asiye na meno. Bulo mbili zilikuwa bado zinaninginia. Nilizitoa na vidole. Na vidole tu, bila kle. Nikazitia mu mufuko, nikatembea mpaka ku mto, nikazitupa. Na zile nne za Ndola, nazo nikazitupa. Muzee wa bati hakunisemesha tena mpaka kufa kwake. Nikimusalimia, anajibu salaam, juu dini yake inamulazimisha kujibu.

Shefu alingoja mwezi nzima kabla ya kuomba ufunguo. Alitoa mwezi nzima, na angeweza kutoa wiki moja tu. Tulihamia Ruashi, tukajenga na matofali mabichi, mimi na batoto. Shemeji alikuwa anabeba maji mbali, na mu usingizi alikuwa analia, tulimusikia kupitia ukuta.

Nilihama nao, nikamubeba yaya. Choo ilikuwa mwisho ya lupango, na muntu bila miguu yote miwili iko muzito bado, musidanganyike. Siku moja, mvua ya kwanza imenyesha, nimemubeba ku mugongo, nimemukalisha pale, njo maneno ikatoka. Nilimwambia yote. Bulo, kle ndefu, muzee, kopo, mto. Nilisimama inje ya gunia iliyofunga mulango, nasema na gunia.

Kisha akasema: "Nimalize kwanza. Kisha unirudishe ndani."

Nikamurudisha. Nikamulaza. Akauliza na sauti ya chini:

"Muke yangu anajua?"

"Hapana, yaya."

"Usimwambie. Akijua atakufukuza na mwiko. Na akikufukuza, nani atanibeba? Batoto bangali badogo. Yeye mugongo inamuuma." Akageuza kichwa ku ukuta. "Mbele nilikupenda, mudogo yangu. Sasa nakuhitaji. Ile na hii haiko kitu moja."

Hakurudia tena yale maneno, na mimi sikuomba musamaha, juu sikuona ningeiomba kwa namna gani. Nilimubeba miaka kumi na moja. Asubuhi na jioni. Kila mara shemeji alikuwa anatufungulia mulango anasema, "Mungu akuongezee siku, shemeji, bantu kama weye habako tena," na yaya, kidevu yake ku bega yangu, alikuwa ananiambia mu sikio: "Twende. Twende."

Alipokufa, ku makaburi ya Ruashi, bazee balitaka mutoto yake mukubwa atangulie kutupa udongo, sawa desturi. Shemeji akakataa. Akasimama mbele ya bantu, akasema mimi njo nilimutengenezea bwana yake pikipiki na mikono yangu, mimi njo nilimubeba, mimi njo nitangulie.

Bote bakageuka, bakaningoja. Nikainama, nikachukua udongo, nikatupa.